Silikanti Hakusimama Njiani: Dhana Potofu kuhusu Ukale wa Viumbe Hai

Wengi wetu tumezoea kuwagawa viumbe hai katika mafungu mawili, wa kale na wa kisasa, kana kwamba bakteria, mamba na baadhi ya samaki walichoka safari wakaketi kando ya njia, huku wenzao wakiendelea kusonga mbele. Ukweli ni kwamba viumbe wote waliopo leo wametokana na asili moja, na kila ukoo umepitia muda uleule tangu mwanzo huo. Muda wenyewe ni mrefu mno, kwani miamba ya matabaka membamba iliyojengwa na vijidudu katika eneo la Pilbara, magharibi mwa Australia, ina umri wa takriban miaka bilioni 3.5.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni silikanti, samaki wa baharini. Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba dogo la makumbusho katika mji wa East London, Afrika Kusini, aliona pezi la buluu likichomoza kwenye lundo la samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Alipowaondoa wengine, akakuta samaki wa mita moja na nusu, mwenye magamba magumu na mapezi yenye nyama, mfano wa miguu mifupi. Kundi la silikanti lilikuwa likijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa katika miamba, na vya karibuni kabisa vilikuwa vya miaka milioni 66 hivi iliyopita, kwa hiyo si ajabu kwamba samaki huyo alibandikwa jina la "kisukuku hai".

Jina hilo linavutia, lakini linapotosha. Jenasi (kundi la spishi zenye ukoo wa karibu) ya Latimeria, yenye spishi zote mbili za silikanti waliopo leo, haijawahi kupatikana katika kisukuku chochote. Ndugu zake wa kale walikuwa wa kila namna: wapo waliokuwa wadogo, wapo waliomzidi kwa mbali kwa ukubwa, wapo walioishi katika maji yasiyo na chumvi, na mmoja aliyeishi miaka milioni 250 hivi iliyopita katika eneo ambalo sasa ni Kanada alikuwa na mkia wenye panda, unaofaa kwa kuogelea kwa kasi. Baadhi yao walikuwa na pafu kubwa lililozungukwa na vibamba vigumu, ilhali silikanti wa leo, anayeishi kwenye kina cha mita 100 na zaidi, amebakiwa na kipafu kisichofanya kazi, kando ya kiungo kilichojaa mafuta. Samaki asiyebadilika hapotezi pafu. Jenomu yake, yaani jumla ya jeni na maelekezo yake ya urithi, iliyochapishwa mwaka 2013, ilionyesha kwamba jeni zake za kuunda protini hubadilika polepole kuliko za wanyama wenye miguu minne. Polepole, lakini hubadilika. Uchambuzi huohuo ulithibitisha pia kwamba jamaa wa karibu zaidi wa wanyama hao wenye miguu minne, miongoni mwa samaki, ni kamongo, wala si silikanti.

Dhana ya kwamba binadamu alitokana na sokwe ina kasoro ileile. Binadamu na sokwe wana mhenga mmoja aliyeishi miaka milioni kadhaa iliyopita, na tangu hapo sokwe naye amebadilika kwa njia yake.

Kuhusu dinosauri, watu hudhani kwamba wote waliishi pamoja kisha wakatoweka wote. Stegosaurus aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita na Tyrannosaurus miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita, maana yake Tyrannosaurus yuko karibu nasi kwa wakati kuliko alivyo na Stegosaurus. Tena tawi moja la dinosauri halikutoweka: ni ndege. Ndiyo maana mamba, ambaye kwa sura angewekwa pamoja na mijusi, kwa ukoo yuko karibu zaidi na kuku, na wote wawili wana moyo wenye vyumba vinne.

Wanaodharauliwa kupita wote ni bakteria, ingawa ndio wanaoweza kuonekana wakibadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 1988 mwanabiolojia Richard Lenski wa Marekani alianza kukuza makundi 12 ya Escherichia coli kutoka kwa bakteria mmoja, katika mchuzi wa maabara wenye glukosi kidogo na sitrati nyingi. Spishi hii kwa kawaida haiwezi kula sitrati penye oksijeni, lakini baada ya vizazi zaidi ya 30,000, kundi moja kati ya yale 12 liliweza. Kila baada ya vizazi 500 sampuli hugandishwa zikiwa hai, kwa hiyo bakteria wa kale hasa wapo, ndani ya jokofu la maabara. Wakiyeyushwa na kushindanishwa na wazao wao wa leo katika mchuzi uleule, kwa kawaida hushindwa.