Je, wajua kwa nini jarida la karatasi kuhusu programu huria bado lina wapenzi?

Programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, nyingi hupakuliwa bure na maelezo yake yametapakaa intaneti. Kwa nini basi mtu alipie karatasi?

Zamani jibu lilikuwa diski. Linux Journal lilianza kutoka Machi 1994, mwezi uleule ilipotolewa Linux 1.0, kiini cha mfumo endeshi huria, na baadaye majarida mengi ya aina hiyo yakawa yanakuja na CD. Kushusha MB 650 kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde kulichukua zaidi ya saa 25, tena laini isipokatika. Zikafuata DVD za GB 4.7. Toleo la 40 la The MagPi, jarida la kompyuta ndogo za Raspberry Pi, la Desemba 2015, lilivunja rekodi: jaladani palibandikwa Raspberry Pi Zero, kompyuta nzima iliyouzwa dola 5.

Siku hizi diski si hoja tena. Kinacholipiwa ni kazi ya mhariri: mtu aliyeijaribu kila amri kabla haijaenda mtamboni, kwa sababu kosa likishachapwa halifutiki. Na makosa ya uchapaji wa amri ni ya hatari kweli. Tazama hii, inayofuta folda bila kuuliza:

rm -rf /home/kazi/zamani

Safu ya jarida ni nyembamba. Mstari ukikatwa baada ya mkwaju (/) wa tatu, msomaji akadhani pana nafasi, ataandika /home/kazi/ kisha zamani, na folda nzima ya kazi itafutika badala ya folda moja ndogo. Ndiyo maana mhariri makini huweka alama ya \ mwishoni mwa mstari unaoendelea. Alama hiyo nayo ina sharti lake: baada yake bonyeza Enter papo hapo. Ukiacha nafasi hata moja, terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, haitaunganisha mistari.

Vistari navyo vina vituko. Programu za kupanga kurasa hupenda kugeuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu. Msomaji wa ls --all, amri ya kuorodhesha faili zote hata zilizofichwa, akiandika ls -all, hapati ujumbe wa kosa: mashine inasoma herufi a, l na l, kisha inamwaga orodha ndefu yenye ruhusa, ukubwa na tarehe za faili. Kwa hiyo angalia kwanza aina ya herufi iliyotumika. Jarida ambalo 1 na l, au 0 na O, hazitofautiki, halifai kujifunzia amri.

Amri iliyo kwenye karatasi huwezi kuinakili na kuibandika, na hilo ni faida kubwa. Unalazimika kuandika amri herufi kwa herufi, ukiona kila kipande kinakaa wapi. Na kompyuta inapogoma kuwaka baada ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo, kuharibika, au mtandao unapokufa, ukurasa ulio kando ya kibodi bado unasomeka.

Udhaifu wake ni muda. Uhariri wa jarida hufungwa wiki kadhaa kabla ya kufika sokoni, hivyo makala ya kusakinisha toleo jipya huchakaa haraka. Makala za bash (programu inayopokea amri), ssh (ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), grep (ya kutafuta maneno ndani ya faili) na ruhusa za faili hudumu miaka, na hizo ndizo za kutunza. Amri ya zamani ikikataa, andika man, amri ya kufungua mwongozo, ikifuatiwa na jina la programu. Mwongozo huo kwa kawaida huja pamoja na programu yenyewe, kwa hiyo unalingana na toleo ulilonalo.