Je, wajua kwa nini kidonge cha usingizi huacha kukulaza?

Chukua mama anayekaa Mbagala. Amefiwa na mumewe, usiku hapati usingizi, na daktari kamwandikia diazepam, ambayo wengi tunaijua kama Valium. Wiki ya kwanza kidonge kimoja kinamlaza hadi adhana ya alfajiri. Mwezi wa pili, saa nane za usiku yuko macho anasikiliza bodaboda zikipita. Anaongeza cha pili, huku akishuku kwamba duka la dawa limemuuzia feki. Mara nyingi dawa ni ileile. Kilichobadilika ni ubongo wake.

Wengine huita hali hii usugu, neno tulilolizoea kwenye antibayotiki. Lakini kule anayebadilika ni bakteria. Hapa ni wewe mwenyewe, ndiyo maana napendelea kusema ubongo umeizoea dawa.

Ubongo una breki na mafuta, kama daladala. Breki ni kemikali iitwayo GABA, mafuta ni glutamati. GABA ikishika kipokezi chake kwenye seli ya neva, kijimlango hufunguka, kloraidi yenye chaji hasi huingia, na seli hutulia. Diazepam haiufungui mlango huo peke yake. Hujishikiza pembeni ya kipokezi na kukifanya kiitikie GABA upesi, mlango ukafunguka mara nyingi zaidi.

Breki ikikanyagwa hivyo kila siku, ubongo hujirekebisha. Baadhi ya vipokezi huvutwa ndani ya seli. Vingine hubaki juu, ila kiungo kati ya pale inaposhika dawa na pale inaposhika GABA hulegea: dawa imeshika, mlango hauitikii kama zamani. Upande wa pili, njia za glutamati huongezewa nguvu. Dereva sasa anakanyaga breki na mafuta kwa pamoja.

Mazoea hayo hayaji kwa usawa, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nguvu ya kulaza hupungua mapema, ndani ya siku au wiki chache. Ya kutuliza wasiwasi hudumu zaidi. Kusahau, kwa kiasi kikubwa, hakuzoeleki. Mama amekosa usingizi alioutafuta, lakini bado hakumbuki funguo kaziweka wapi, na akiwa na umri mkubwa bado yuko kwenye hatari ya kuanguka akienda msalani usiku. Akichanganya na pombe, ambayo nayo hukanyaga breki hizohizo, pumzi inaweza kukatika usingizini.

Je, akiacha ghafla? Breki zimepungua na mafuta bado yamekanyagwa. Jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, usingizi kutoweka kabisa, na wakati mwingine degedege inayoweza kuua. Kwa hiyo mama asivitupe vidonge chooni leo. Arudi kwa daktari apangiwe kupunguza.

Daktari Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa za jamii ya diazepam huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994. Njia yake ilikuwa kushusha dozi kidogo kidogo, kwa wiki nyingi au miezi. Waliotumia dawa za jamii hii zinazoisha haraka aliwahamishia kwanza kwenye diazepam, kwa sababu nusu yake huchukua kama saa 20 hadi 50 kutoka mwilini. Ikishuka taratibu hivyo, seli hupata muda wa kuvirudisha vipokezi vyake juu.