Kamera ya nyuma inapowaka na bado ukagonga

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea IST yenye bampa la nyuma lililopasuka upande wa kulia. Aligonga nguzo ya geti lake mwenyewe. "Fundi, nguzo niliiona kabisa kwenye skrini, ilikuwa kushoto. Nikaikwepa." Nilidhani ananitania. Nikaingia ndani ya gari, nikaweka rivasi, nikamwambia kijana wangu asimame nyuma ya taa ya kulia. Kwenye skrini akatokea kushoto.

Kamera iliyokuja na gari ilikuwa imekufa, akafungiwa mpya ya Mchina kwa fundi mwingine. Kamera nyingi za aina ile hutengenezwa zifungwe mbele au nyuma, upendavyo. Kwenye waya wake kuna vijiwaya viwili vilivyopinda kama kitanzi: ukikata kimoja picha inageuka, ukikata kingine mistari ya kuegesha inatoweka. Kamera ya nyuma inatakiwa igeuze picha kama kioo kinavyofanya, ili kilicho kulia kwako ukione kulia. Ya mbele haigeuzi. Aliyefunga aliona picha imetokea, ina rangi, haichezi, akapokea hela yake na kumuaga mteja.

Wateja wengi wanakimbilia kwangu skrini ikiwa nyeusi. Nyeusi hainitishi. Dereva akiona giza anageuza shingo, anatazama vioo vya pembeni, au anaita mtu amwelekeze. Mimi naogopa kamera inayowaka huku ikikuonyesha kisichokuwepo, au kilichokuwepo sekunde tano zilizopita.

Twende kwenye magari yetu haya ya mtumba kutoka Japani. Huko, kifaa cha kumsaidia dereva kuona nyuma kilianza kuwa lazima kwa modeli mpya Mei 2022, kwa hiyo mengi tunayoendesha hapa ni ya kabla ya sheria hiyo. Kamera iliwekwa kwa sababu mnunuzi wa kwanza aliitaka. Gari likifika Dar, redio inaongea Kijapani, inadai kadi ya ramani au namba ya siri betri ikitolewa, na mwenye gari anataka redio ya Android. Hapo ndipo kamera nzima inapouawa. Kamera nyingi za Toyota zilizokuja na redio ya kiwandani zinatumia volti 6, na umeme huo unatoka kwenye redio yenyewe. Fundi anaing'oa redio, anachukua moto wa volti 12 kutoka taa ya rivasi na kuupeleka moja kwa moja kwenye kamera. Inaweza kuonyesha picha siku hiyo, hata wiki. Halafu inaungua, na mteja anaambiwa kamera za Kijapani hazidumu. Kipunguza volti cha bei ndogo kingeiokoa.

Redio hizo za Android zina tabia nyingine. Ni kompyuta, na kompyuta huchukua muda kuamka. Asubuhi unawasha gari, unaweka rivasi papo hapo, skrini bado inaonyesha nembo. Zipo zinazoleta kamera haraka kabla ya mengine yote, na zipo zinazokuacha nusu dakika. Marekani, ambako tangu tarehe 1 Mei 2018 kila gari jipya dogo sharti liwe na kamera ya nyuma, picha inatakiwa itokee ndani ya sekunde 2 baada ya gia ya rivasi kuingia, na ionyeshe eneo la futi 10 kwa 20 nyuma ya gari, yaani takribani mita 3 kwa 6. Sheria ile ina jina la mtoto, Cameron Gulbransen, aliyekuwa na miaka miwili alipokanyagwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao mwaka 2002. Dereva alikuwa baba yake. NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, ilipotoa kanuni mwaka 2014 ilikadiria vifo 210 na majeruhi 15,000 kwa mwaka kutokana na magari yanayorudi nyuma, na zaidi ya nusu ya waliokufa ni watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 70 kwenda juu. Hao ndio watu wanaokaa uani asubuhi wakati wewe unawahi kazini.

Nisiwasingizie mafundi wa mtaani peke yao. Viwanda vikubwa navyo vimeumbuka. Desemba 2021 Tesla iliyaita yarudi kurekebishwa magari 356,309 ya Model 3 kwa sababu kufungua na kufunga buti mara kwa mara kulikuwa kunachakaza waya wa kamera. Ford ilipewa adhabu ya dola milioni 165 Novemba 2024, kwa kuchelewa kuyaita magari yenye kamera mbovu.

Hilo la buti nalikuta karibu kila wiki. Kwenye Noah, Harrier, X-Trail, gari lolote lenye mlango wa nyuma unaonyanyuka, fungua uangalie pale juu karibu na bawaba. Kuna mpira wenye mikunjo kama mrija wa kunywea soda, na nyaya zote za mlango zinapita humo. Shaba inakatika ndani huku ganda la nje likiwa zima, kwa hiyo macho hayaoni kitu. Dalili yake: kamera inapotea ukifunga mlango na kurudi ukiufungua, au ukigonga shimo. Ukiona pia taa ya namba au wipa ya nyuma inasumbua, usinunue kamera. Vuta mpira, upime waya mmoja mmoja kwa mita ya kupimia umeme, uunge kwa lehemu na waya laini wenye nyuzi nyingi. Ukisokota na kufunga tepu utarudi baada ya mvua mbili.

Maji nayo. Bomba la presha la waosha magari likielekezwa kwenye lenzi kwa karibu, mpira wa kuzuia maji unashindwa, ukungu unaingia ndani na hautoki. Ukungu wa ndani haufutiki kwa kitambaa. Usisugue, utaongeza mikwaruzo bure.

Kuna picha iliyoganda pia. Skrini inashikilia picha moja na gari linaendelea kusogea. Uwanja mtupu ukiganda unaonekana sawasawa na uwanja mtupu wa kweli, na hapo hujui umeibiwa. Kwa hiyo usianze kurudi mpaka uone kitu kimoja kinacheza: jani, kuku, hata kivuli. Kama hakuna, sogea kidogo sana uone ukuta unasogea nawe.

Watu wananijibu, "Lakini fundi, nina sensa." Sensa, kile kidude cha kwenye bampa, inapiga sauti usiyoisikia na kusubiri mwangwi. Ukuta unarudisha mwangwi vizuri. Nguo haifanyi hivyo, nondo nyembamba nayo ni shida, na kitu kifupi kilicho karibu sana na bampa kinaweza kuwa chini ya eneo lake kabisa. Mpaka rangi inaiua: ukipeleka bampa kupakwa, sensa zitolewe kwanza, maana tabaka nene la rangi linaziziba. Na ule mlio mmoja mrefu unaotokea kila ukiweka rivasi, hata uwanja ukiwa wazi, unakuambia kuna sensa mbovu. Nimekutana na dereva aliyekata waya wa spika ili asiusikie.

Ukichukua gari kwa fundi, usiridhike na picha. Weka ndoo nyekundu nyuma ya kona ya kulia, uione kulia. Isogeze mpaka iguse bampa, uone kama bado inaonekana. Zima gari, subiri, liwashe na uweke rivasi mara moja huku ukihesabu. Fungua na kufunga buti mara kumi, uangalie tena. Kisha rudi kurudia hayo jua likizama, kwa sababu kamera nyingi za bei nafuu gizani hutegemea taa za rivasi, na yule mama wa IST, nilipomaliza kumkatia kitanzi, niligundua taa zake zote mbili zilikuwa zimeungua.