DAC ya 768 kHz haiwezi kuokoa saloni yako ya karo

Tena wiki hii. Mdogo wangu mmoja wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, ananiandikia WhatsApp usiku: "Yaya, nimepata DAC ya biti 32, 768 kHz, mutu anaileta toka Dubai, nilipe?" DAC ni ile mashine inayogeuza namba za muziki wa dijitali kuwa umeme wa kwenda kwa amplifaya, na 768 kHz ni sampuli (vipimo vya sauti) 768,000 kila sekunde. Namuuliza bafle (spika) zako ni zipi, ananijibu ziko tu zile za homusinema ya papa. Chini saloni iko na nini? Karo (vigae). Madirisha? Rido zile nyepesi za kuona hadi kwa jirani. Basi nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kila mtu, ntaliweka hapa mara moja, mwingine akiniuliza ntamtumia linki.

Imani yenyewe inaenda hivi: sauti ya dijitali imekatwa vipande vipande, ukiichora inafanana na ngazi, kwa hiyo sampuli zikiwa nyingi ngazi zinakuwa ndogo na muziki unakuwa laini. Ile picha ya ngazi iko kwenye maboksi, iko kwenye matangazo, na inadanganya. Sampuli ni vidoti tu, na kazi ya DAC ni kupitisha mstari kwenye vile vidoti, na mstari unaoweza kupita pale ni mmoja peke yake, ilimradi masafa ya muziki hayafiki nusu ya idadi ya sampuli kwa sekunde. Mmoja! Hakuna wa pili ulio laini zaidi. Hiyo ni hesabu ya Nyquist na Shannon, wataalamu wa mawasiliano, Shannon alichapisha uthibitisho wake 1949, sio maoni ya fundi wa Lubumbashi. CD inachukua sampuli 44,100 kila sekunde, maana yake inabeba kila kitu hadi karibu 22 kHz, na sikio zuri la kijana linaishia 20 kHz hivi, langu lilishaachana na hizo habari zamani. Kama hauniamini weka oskiloskopu (kifaa cha kuchora umbo la wimbi) nyuma ya DAC ya bei ndogo, cheza mlio wa 10 kHz, tafuta ngazi. Utatafuta sana.

Na kinachonichekesha, kuna DAC zinazotoa ngazi kweli, wanazitengeneza makusudi bila filta, na wanaziuza ghali eti sauti yake ni ya asili. Sasa wachague jamani, ngazi ni ugonjwa ama ni dawa?

Biti nazo. Biti inakwambia tu kelele ya chini iko mbali kiasi gani, kila moja ni desibeli 6 hivi, kwa hiyo biti 16 ni kama 96. Haya, saloni yako usiku: frigo inanguruma, mbwa, jenereta ya nyumba ya pili, tuseme desibeli 40 na hapo nimekuonea huruma (mvua ikianza kupiga mabati zima tu ulale). Ili utumie zile 96 zote juu ya 40 lazima ufike 136, hapo sikio linauma na tiwita (spika ndogo ya sauti za juu) imeshaungua. Biti 24 kwa karatasi zinatoa 144, lakini DAC bora kabisa zinaishia kati ya 120 na 130 na kitu, sababu joto la rezista lenyewe linatoa kelele. Biti 32 basi zinapima nini? Zinapima ile kelele, kwa usahihi mkubwa sana. Studio wana haki ya biti 24 maana wanarekodi na kuchanganya na wanahitaji nafasi, na wewe ukipunguza volyumu ndani ya kompyuta zitakusaidia pia. Hiyo imeisha.

Faili za flashi ntazipita haraka sababu zinanipandisha presha. Kuna watu wanauza muziki "wa 192 kHz", unaufungua na Audacity (programu ya sauti), unaangalia spektra, yaani mchoro wa masafa yaliyomo, na kila kitu kimekatwa pale karibu na 16 kHz kama kwa kisu. Hiyo ilikuwa MP3 ya kbps 128, faili iliyobanwa, mtu kaigeuza. Wameniletea hata gitaa la Mwenda Jean Bosco, lile mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, eti sasa ni "hai-rezo", yaani ubora kupita CD. Unaongeza maji ndani ya mboga, sufuria inajaa, nyama ni ile ile.

"Lakini yaya, mimi nimesikia tofauti kwa masikio yangu!" Najua. Nakuamini hata. Swali ni umesikia tofauti ya nini. DAC nyingi zinatoa volti 2 kwenye RCA (matundu ya waya za sauti nyuma), nyingine zinatoa 2.5, na hiyo ni karibu desibeli 2 za zaidi. Sikio halisemi "hii iko juu kidogo", linasema hii iko wazi, iko na uhai, mwimbaji amesogea mbele. Hata nusu ya desibeli inatosha kukuchezea. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, cheza mlio wa 1 kHz, chukua multimeta, pima volti kwenye waya za bafle, sawazisha zote mbili, halafu mtu mwingine akubadilishie bila kukwambia ipi ni ipi. Kila ninapowaomba wateja wafanye hivyo wananiona nawatukana. Sio matusi. 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwakalisha wafanyakazi wenyewe wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, watu wa kazi hii hii, wakawasikilizisha bafle wakiziona na kisha bila kuziona, na maksi zikabadilika. Macho yanasikia kuliko masikio, hata ya wataalamu.

Sasa sitaki kujifanya kila kitu kimefungwa. 2016 mtafiti Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio 18 ya watu mbalimbali ya kutofautisha hai-rezo na ubora wa CD, mara zaidi ya 12,500 za kusikiliza, na watu walipatia 52.3 kwa mia. Kurusha sarafu ni 50. Kwa hiyo kuna kitu kidogo, na waliofundishwa walipanda zaidi, kwa nini hasa bado wanabishana. Na mimi mwenyewe kuna DAC mbili hapa ninazodhani nazitofautisha hata baada ya kuzisawazisha, ila siwezi kukuapia. Lakini pesa yako yote kwa ajili ya 2.3?

Peleka kwa bafle. Bafle mbili za bei moja zinaweza kuachana desibeli 5 au zaidi huku na huku kwenye masafa, hiyo hata mama jikoni anaisikia. Soma sensitiviti, yaani desibeli ambazo bafle inatoa kwa wati moja: ya 92 ukiipa wati 25 inafikia sauti ya 86 yenye wati 100. Na acha kuniambia wati za kwenye stika! Mbele imeandikwa 5,000 W PMPO (wati za matangazo), geuza nyuma usome kibati: inakula wati 60. Zile zingine inazitoa Kasumbalesa, kule mpakani?

Halafu chumba. Nyumba zetu zinapenda saloni ya mraba, 4 kwa 4, na hakuna kibaya kama hicho. Mita 4 zinalia kwenye 43 Hz, urefu na upana zinalia pamoja, na nyuzi nene ya gitaa la besi ni 41. Kwa hiyo kila besi ya rumba ikishuka pale, inavimba, ukikaa katikati kabisa inapotea, ukiegemea ukuta inakujaa tumboni. Hakuna DAC inayogusa hiyo. Sogeza fotei mbele nusu mita, toa bafle kwenye kona, tandika tapi (zulia) nene kati yako na bafle, weka rido nzito. Trei za mayai ukutani ni za kupoteza mayai. Tapi na rido zinatuliza juu tu, besi haziigusi, na kusema kweli besi ya saloni ndogo sijawahi kuimaliza kwa vitu vya sokoni, naipunguza tu, kidogo kwa ikwalaiza, kidogo kwa kuhamisha vitu mpaka mama mwenye nyumba anachoka.

DAC? Yoyote ya heshima yenye volti 2. Na kama unataka kubadilisha iliyopo sababu bafle zinanguruma mmmm hata muziki ukizimwa, ngoja kwanza. Nyumba nyingi hapa prizi hazina waya wa ardhi wa kweli, na ule mngurumo unaweza kuingia kwa kable nyingine, sio kwa DAC. Chomoa kable ya dishi nyuma ya TV usikilize tena. Ikinyamaza, rudisha pesa mfukoni uniite nije na transfoma ndogo ya kutenganisha waya.