Kusoma fasihi na utamaduni wa Marekani chuo kikuu: shika toleo, shika waraka

Anayeanza kozi ya fasihi na utamaduni wa Marekani mara nyingi hudhani kikwazo kitakuwa Kiingereza. Kiingereza cha karne ya 19 kina ugumu wake, lakini baada ya wiki chache mtu hukizoea. Kinachowaangusha wengi ni kusoma maelezo kuhusu kitabu kabla ya kukisoma kitabu chenyewe, kisha kuandika insha ya kauli kubwa kubwa: Wamarekani wanathamini uhuru, ndoto ya Marekani imevunjika, ubaguzi ulikuwa mbaya. Kauli kama hizo anaweza kuziandika mtu ambaye hajafungua ukurasa hata mmoja, na msahihishaji analijua hilo. Nataka nieleze kazi inayofanyika mezani: kuchagua toleo, kusoma ukurasa, kuuweka ukurasa huo kando ya nyaraka za wakati wake, na mahali insha inapoharibikia.

Kabla ya yote, ijue historia ya orodha ya vitabu unayopewa. Mwaka 1941 F. O. Matthiessen alichapisha American Renaissance, kitabu kilichotengeneza kozi nyingi zilizofuata. Kiliwaweka katikati Emerson, Thoreau, Hawthorne, Melville na Whitman, na kikaifanya miaka ya 1850 hadi 1855 kuwa kilele cha fasihi ya nchi hiyo. Wote watano ni wanaume, wote ni wazungu. Harriet Jacobs, aliyetoa masimulizi ya maisha yake mwaka 1861 kwa jina la kubuni la Linda Brent, alikaa nje ya orodha kwa miongo mingi kwa sababu wasomi wengi waliamini kitabu kile ni riwaya, au ni kazi ya mhariri wake mzungu, Lydia Maria Child. Jean Fagan Yellin alipekua barua za Jacobs mwenyewe na katika miaka ya 1980 akathibitisha kwamba mwandishi ni Jacobs na watu waliotajwa humo walikuwepo. Toleo lake lilitoka 1987. Huku kwetu orodha nayo ilishapingwa. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi (leo Chuo Kikuu cha Nairobi), Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwe kitovu, na fasihi nyingine zisomwe kwa uhusiano wake na kitovu hicho. Kwa hiyo unapopewa orodha ya vitabu kumi, uliza nani aliamua, lini, na kwa ushahidi gani. Hilo peke yake ni mada halali ya insha ya mwisho wa muhula.

Sasa toleo. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa kimyakimya, na mfano bora ni Emily Dickinson. Aliandika takriban mashairi 1,800, yakachapishwa kama kumi tu akiwa hai. Mengi aliyashona kwa uzi katika vijitabu 40 alivyojitengenezea. Alipofariki mwaka 1886, Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson waliyahariri, wakatoa diwani ya kwanza mwaka 1890. Walisawazisha alama za vituo, wakatia vichwa vya mashairi ambavyo yeye hakuviweka, na pengine wakabadili maneno.

Chukua shairi lake ambamo Kifo kinampitia msemaji kwa gari la farasi. Katika muswada lina beti sita. Toleo la 1890 lina beti tano, na limepewa kichwa cha habari The Chariot. Ubeti uliokatwa ni wa nne, ule ambamo msemaji anajisahihisha: si sisi tuliolipita jua, bali jua ndilo lililotupita. Umande unashuka wa baridi, naye amevaa nguo nyepesi kupita kiasi. Ukiuondoa ubeti huo, safari inabaki ya upole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiurudisha, katikati ya shairi kuna baridi, na yule Kifo mwenye adabu anaanza kutiliwa shaka. Mwanafunzi aliyesoma toleo la 1890 ataandika kwamba Dickinson anakipokea kifo kwa utulivu, na hoja yake itakuwa imejengwa juu ya kazi ya wahariri. Nakala nyingi za bure mtandaoni ni za maandishi hayo ya 1890, kwa kuwa hakimiliki yake ilishakwisha. Tumia toleo la Thomas H. Johnson la 1955 au la R. W. Franklin la 1998, na utaje namba ya shairi: hili ni 712 kwa Johnson, 479 kwa Franklin. Picha za miswada yenyewe zinapatikana bure kwenye tovuti ya Emily Dickinson Archive. Ziangalie walau mara moja, uone vile vistari vyake na maneno mbadala aliyoyaacha bila kuchagua.

Kwa nathari kanuni ni ile ile. Nchini Marekani kitabu kilichochapishwa kabla ya 1978 huwa mali ya umma miaka 95 baada ya kuchapishwa, kama si mapema zaidi, kila ifikapo Januari 1, kwa hiyo karne yote ya 19 unaweza kuipata bila kulipa. Hakikisha tu nakala uliyoshusha inataja mwaka wa chapa iliyonakiliwa. Faili lisilosema limetoka chapa ipi lisomee basini, lakini usilinukuu.

Niingie kwenye ukurasa wenyewe, na Frederick Douglass ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza. Alitoroka utumwani Maryland mwaka 1838, akachapisha masimulizi yake Boston mwaka 1845. Ni kitabu kifupi. Usomaji wa kwanza, kurasa 20 hadi 25 kwa saa, penseli mkononi, ukiweka alama pale tu ulipostuka. Usomaji wa pili, chagua kurasa kumi na uzisome polepole mara tatu. Wanaopiga mstari kila sentensi hujikuta hawana pa kuanzia siku ya kuandika.

Nenda sura ya 10. Douglass amekodishwa kwa Edward Covey, mkulima mwenye sifa ya kuwavunja watumwa wakaidi. Baada ya kueleza jinsi alivyovunjwa, anamgeukia msomaji: umeona jinsi mtu alivyofanywa mtumwa, utaona jinsi mtumwa alivyofanywa mtu. Wanafunzi wengi hunukuu sentensi hii na kusema ni nzuri. Kazi ndiyo kwanza inaanza hapo. Maneno ni yale yale, yamebadilishana nafasi tu, kwa hiyo sentensi yenyewe inafanya lile linaloahidiwa. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa pande zote mbili: utumwa ni kitu kilichotengenezwa, si asili ya mtu. Lakini ule utu nao umeandikwa kama kitu kilichotengenezwa, na nani? Sura inajibu kwa ngumi: anapigana na Covey, kwa maelezo yake, karibu saa mbili. Na msomaji amewekwa kuwa shahidi. Sentensi moja imekupa hoja tatu za kuchunguza.

Halafu kuna mzizi. Kabla ya pigano, mtumwa mwenzake Sandy Jenkins anampa mzizi auvae upande wa kulia kama kinga, ili mzungu yeyote asiweze kumchapa. Douglass anausimulia kwa mashaka, na baadaye katika tanbihi anasema Sandy aliendelea kudai ushindi ulitokana na mzizi, kisha anaiita imani hiyo ushirikina wa watumwa wasio na elimu. Msomaji aliyekulia mahali ambapo hirizi si jambo la kusimuliwa tu atauona uzito wa mzizi ule haraka, na autumie uoni huo. Swali lenye nguvu ni kwa nini Douglass hakuufuta. Angeweza kuuacha nje kabisa. Ameubakiza, akauonea aibu chini ya ukurasa, mbele ya wasomaji wazungu wa Kaskazini waliotaka shujaa wa akili na Biblia. Hapo una insha.

Na usiishie 1845. Douglass aliandika maisha yake upya mwaka 1855 na tena 1881. Katika toleo la 1845 utangulizi ni wa William Lloyd Garrison, kiongozi mzungu wa wapinga utumwa. Katika la 1855 ni wa James McCune Smith, daktari Mweusi, kwa kuwa Douglass na Garrison walishafarakana. Toleo la 1855 pia linamleta Caroline, mwanamke mtumwa wa Covey aliyeamriwa amshike Douglass akakataa. Mwaka 1845 anayekataa ni Bill peke yake, mtumwa mwingine wa kukodishwa. Mwaka 1845 anakataa kueleza alivyotoroka, asije akawafungia njia wengine. Mwaka 1881 anaeleza: alipanda treni na karatasi za baharia alizoazima. Weka aya za pigano za 1845 na 1855 katika safu mbili, uweke alama kila kilichoongezwa na kilichoondolewa. Ni kazi ya jioni moja, na sijaona zoezi linalomfundisha mtu zaidi ya hilo.

Upande wa utamaduni ndio unaochanganya watu, maana neno lenyewe ni pana. Kwangu maana yake ya kazi ni hii: kila kitabu kiwe na waraka mmoja wa wakati wake, unaousoma kwa makini yale yale. Kwa Douglass, waraka ni matangazo ya watumwa watoro magazetini, ambayo hifadhi ya Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani inayo kwa wingi. Tangazo linataja urefu, nguo, makovu, ufundi na zawadi. Mwenye mtumwa alitaka akamatwe, kwa hiyo alilazimika kuwa sahihi: anakiri makovu, na wakati mwingine anaonya kwamba mtoro anajua kusoma na huenda ana cheti cha bandia cha ruhusa ya kusafiri. Sasa rudi kwa Douglass, pale anapowaandikia wenzake vyeti vya kupitia, njama ya kutoroka inafichuka, naye anamwambia mwenzake Henry akile chake pamoja na biskuti. Kujua kuandika kunaacha kuwa dhamira ya jumla, kunakuwa karatasi inayoweza kumnyongesha mtu.

Waraka nao unadanganya. Kati ya 1936 na 1938 mradi wa serikali ulikusanya masimulizi zaidi ya 2,300 ya watu waliozaliwa utumwani. Wahojaji wengi walikuwa wazungu, na lafudhi iliyoandikwa humo ni tahajia ya mhojaji. Bibi mmoja wa Charleston, Susan Hamlin, alihojiwa na mwanamke mzungu ambaye Susan alimdhania ni mtu wa ofisi ya misaada, akamsifu bwana wake wa zamani. Alihojiwa pia na mhojaji Mweusi, Augustus Ladson, akaeleza viboko na familia zilizotenganishwa. Hata jina limeandikwa tofauti, Hamlin huku, Hamilton kule. Ukinukuu simulizi moja tu kutoka hifadhi hiyo bila kutaja aliyeuliza, umenukuu nusu ya mazungumzo.

Wazungumzaji wa Kiswahili hupenda kuandika kuhusu Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoasisiwa na Maulana Karenga California mwaka 1966, yenye misingi saba kuanzia umoja hadi imani, ujamaa ukiwemo. Mada nzuri, lakini chunga tarehe. Nimeona insha zinazosema ujamaa wa Kwanzaa ulichukuliwa kutoka Azimio la Arusha. Azimio ni la Februari 1967, na Kwanzaa ya kwanza ilisherehekewa Desemba 1966. Andiko la Nyerere la 1962 kuhusu ujamaa ndilo la kulinganisha. Na usiigeuze insha kuwa usahihishaji wa matamshi yao.

Kuandika. Kwa insha ya maneno 2,000, hoja moja, nukuu nne au tano, karibu zote za mstari mmoja au miwili. Kila nukuu ifuatwe na uchambuzi unaoizidi urefu walau mara tatu. Ipime hoja yako hivi: je, msomaji makini wa kitabu hicho hicho anaweza kuipinga? "Douglass anaonyesha ubaya wa utumwa" haina mpinzani, kwa hiyo si hoja. "Tanbihi ya 1845 inamtoa Sandy kafara ili kumridhisha msomaji wa Kaskazini" ina wapinzani, na itabidi uipiganie. Katika mtindo wa MLA, yaani kanuni za kutaja vyanzo zinazotumika sana katika fasihi, jina la mwandishi na namba ya ukurasa vinakaa kwenye mabano baada ya nukuu, na nathari inayozidi mistari minne inasogezwa ndani bila alama za mtajo. Kosa la mara kwa mara ni namba ya ukurasa ya chapa moja kuambatanishwa na jina la chapa nyingine. Andika ukurasa pale pale unaponakili, kamwe usiseme utautafuta baadaye.

Kwa walimu wa Kiswahili wanaofikiria Fulbright FLTA, mpango wa serikali ya Marekani kwa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni: unafundisha lugha katika chuo cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, na wewe mwenyewe unachukua angalau kozi mbili kila muhula, mojawapo ikiwa ya masomo ya Marekani. Kozi za fasihi hudai kurasa 100 hadi 200 kwa wiki, nazo saa za kufundisha, kusahihisha na kuandaa vipindi hazipungui. Chukua moja tu yenye usomaji mzito kwa muhula, na pata orodha yake ya vitabu mapema, ili Douglass na Jacobs wawe wameshasomwa mara ya kwanza kabla hujapanda ndege.