"Kimsingi inawezekana" si jibu

Kila muhula nasikia kauli ileile kutoka kwa wanafunzi wa falsafa, na sasa imenichosha: chenye uzito ni kama mashine inaweza kukokotoa jambo au haiwezi, itachukua muda gani ni shauri la wahandisi.

Basi tuchukue hoja ya mwanafalsafa Ned Block ya mwaka 1981. Mashine isiyo na akili yoyote ingeweza kufaulu jaribio la Turing (kuzungumza kwa maandishi mpaka mtu asitambue kuwa ni mashine) kwa kuchomoa majibu kwenye jedwali lililoandaliwa mapema. Watu huitaja kana kwamba jedwali liko tayari kabatini. Pigeni hesabu. Kwa herufi na alama 30 tu, maandishi ya nafasi 60, yaani takriban mstari mmoja, yanaweza kupangwa kwa namna zaidi ya 10^88. Atomi za ulimwengu wote unaoonekana hukadiriwa kuwa 10^80. Block alidai uwezekano wa kimantiki, na hapo hana kosa. Kosa ni la wanaoruka kutoka hapo na kusema kuwa mazungumzo marefu hayaonyeshi lolote kuhusu akili. Chochote kinachozungumza nasi kimelikwepa jedwali hilo. Kimelikwepaje? Hilo ndilo swali la kifalsafa, nao wanalipita tu.

Wala msiniambie mashine za kesho zitakuwa na kasi zaidi. Algoridhimu, yaani utaratibu wa kukokotoa, ya hatua 2^n, n ikiwa ukubwa wa swali, ukiipa mashine yenye kasi mara 1,000, n inaongezeka kwa 10 hivi, basi. Ile ya hatua n² itamudu n kubwa mara 31. Kabla hujatamka "kimsingi", andika n, kisha iongeze maradufu uone kinachotokea.

Mwanamantiki Kurt Gödel alimaliza yote mwaka 1931, alipothibitisha kwamba zipo kweli za hisabati ambazo mfumo wa kanuni hauwezi kuzithibitisha? Ni yeye huyohuyo aliyemwandikia mwanahisabati John von Neumann mwaka 1956 kuuliza hatua za kutafuta uthibitisho wenye urefu n zinakua kwa kasi gani.

Ukijua kanuni unajua yote yatokanayo nazo? RSA-250 ni namba ya tarakimu 250 iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili. Kuzipata hizo mbili, mwaka 2020, kulihitaji kazi ya takriban miaka 2,700 ya kiini kimoja cha prosesa.

Kompyuta za kwantamu hujaribu majibu yote kwa mpigo? Hapana. Kutafuta jibu moja kati ya N yasiyo na mpangilio huzigharimu hatua za kadiri ya √N, na imethibitishwa kwamba haziwezi kushuka chini ya hapo.

Na wanaosema haya yote ni kubahatisha kwa kuwa swali la P na NP (je, kila tatizo ambalo jibu lake hukaguliwa haraka linaweza pia kutatuliwa haraka?) halijatatuliwa: hesabu ya jedwali hailitegemei hata chembe. Wanasayansi wa kompyuta Hartmanis na Stearns walithibitisha mwaka 1965 kwamba muda zaidi huleta uwezo zaidi. Sataranji ya ubao wa n kwa n, isiyowekewa kikomo cha hatua, haina algoridhimu ya muda wa polinomia, yaani ya hatua zinazokua kama n² au n³ badala ya 2^n, liwe jibu la P na NP lolote lile.