Chumba cha kufulia katika nyumba ya Dodoma

Kila ninapoletewa mchoro wa nyumba mpya ya Iyumbu, Nzuguni au Njedengwa, jambo la kwanza ninalolitafuta ni mahali ambapo nguo zitafuliwa, na mara nyingi sipaoni. Sebule ipo, jiko lina stoo yake, chumba kikuu kina choo na kabati la ukutani, lakini kazi ya kufua imeachiwa koki ya uani na beseni. Mashine ikinunuliwa baadaye, huwekwa jikoni, bafuni au kwenye korido, popote palipo na soketi. Nimesanifu nyumba za kuishi hapa Dodoma kwa zaidi ya miaka kumi, na nimeshuhudia wenye nyumba wengi wakivunja sakafu mpya ili kupitisha bomba ambalo lingezikwa kwa siku moja tu wakati wa ujenzi.

Ninaposanifu chumba cha kufulia, sianzi na mashine. Ninachukua penseli na kufuata safari ya nguo kwenye ramani ya nyumba: inapovuliwa, inapotengwa na kulowekwa, inapofuliwa, kusuuzwa na kukamuliwa, inapoanikwa na kuanuliwa, inapopigwa pasi na kukunjwa, hadi inaporudi kabatini. Mstari huo ukikatiza sebuleni na ndoo ya nguo mbichi, au ukipita jikoni chakula kikiwa motoni, basi chumba kimewekwa pasipofaa, hata kama ndani yake kuna vigae vya bei kubwa. Mahali ninapopapendelea ni kati ya vyumba vya kulala na uani, pawe na mlango unaotoka moja kwa moja hadi kwenye kamba. Chumba cha mita 1.8 kwa 2.4 kinatosha familia ya watu sita. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 85, lakini nafasi yake ninaiachia upana wa sentimita 65 na kina cha sentimita 70 ili mipira ya maji isikunjwe nyuma, na mbele yake ninaacha mita moja kamili, kwa sababu mtu atainama hapo na kapu likiwa miguuni mwake.

Chumba hiki hapa kwetu hakiwezi kunakiliwa kutoka kwenye picha za nyumba za Ulaya, na sababu ni hali ya hewa. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki tuna jua na hewa kavu inayokausha shati la pamba kabla ya mchana kwisha. Kwa hiyo mteja anaponiuliza kuhusu mashine ya kukaushia, humshauri fedha hiyo aipeleke kwenye sehemu ya kuanikia, ambayo kwangu ni nusu ya pili ya chumba chenyewe. Adui yetu ni vumbi. Mji umekuwa ukijengwa kwa kasi tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, viwanja vingi bado viko wazi, na upepo wa kiangazi, ambao kwa sehemu kubwa hutoka mashariki na kusini mashariki, hubeba udongo mwekundu hadi uani kwako.

Anayetaka kuona ukubwa wa jambo hili aanike shuka nyeupe kwenye kamba iliyo wazi asubuhi ya mwezi Agosti, kisha aianue saa saba mchana na kuitazama pindo la chini. Atakuta mstari wa rangi ya kutu, mwembamba upande wa juu na mzito kadiri unavyokaribia ardhi, kwa kuwa vumbi zito husafiri chini na nguo mbichi hulishika kama gundi. Akiipiga pasi kabla ya kulikung'uta vumbi hilo, joto litalizamisha ndani ya nyuzi, na shuka hiyo itarudi kwenye maji.

Ndiyo maana sehemu ya kuanikia ninaijengea ukuta wa matofali ya matundu upande wa mashariki na kusini, wenye kimo cha mita 2.1. Ukuta mzima usio na upenyo husababisha upepo uruke juu yake na kuangukia ndani pamoja na mchanga wake, ilhali ukuta wenye matundu huupunguza kasi, vumbi likadondoka chini ya ukuta na hewa ikaendelea kupita kwenye nguo. Upande wa kaskazini ninauacha wazi. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mapema Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini mwetu, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mwaka tunayoitegemea kwa kukausha. Nusu ya eneo ninaiezeka kwa bati la kupitisha mwanga kwa ajili ya siku za mvua. Nusu nyingine inabaki bila paa. Ardhi chini ya kamba isakafiwe au imwagwe kokoto. Kamba ziachane kwa sentimita 40, na kwa mzigo mmoja wa mashine ya kilo 7 huwa natenga mita 18 hadi 20 za kamba. Nguzo zake zisiwe za kubahatisha, kwani mzigo huo unapotoka kwenye mashine bado unaweza kuwa na kilo tatu au nne za maji.

Mteja wangu mmoja wa Kisasa alitaka mizabibu itambae juu ya kamba ili apate kivuli na matunda mahali pamoja. Nilimwelewa, kwa maana huu ni mji wa zabibu na mzabibu uliotunzwa ni pambo la uani. Hata hivyo nilimwomba ausogeze hadi kwenye baraza, kwa sababu zabibu zinapoiva ndege huja, na doa la zabibu nyekundu kwenye kanzu nyeupe halihitaji maelezo.

Sasa nizungumzie maji, ambako makosa mengi hutokea na ambako mimi pia nilikosea. Katika mojawapo ya nyumba zangu za mwanzo huko Ilazo, mwenye nyumba alinipigia simu wiki mbili baada ya kuhamia akilalamika kuwa mashine yake mpya inasimama katikati ya kazi na kuonyesha alama ya hitilafu. Fundi alikuwa ameifungua mara mbili bila kuona kasoro. Nilipofika nilifungua koki ya nyuma ya mashine, nikakinga ndoo ya lita 10 na kuhesabu: ilichukua dakika mbili na nusu kujaa. Nikapanda kwenye mnara wa tenki nikiwa na futi. Usawa wa maji siku hiyo ulikuwa mita 2.6 tu juu ya koki, na mnara ule nilikuwa nimeuchora mimi. Mashine nyingi zinazojiendesha zenyewe zinahitaji msukumo usiopungua megapaskali 0.03 hadi 0.1, yaani usawa wa maji ulio mita 3 hadi 10 juu ya koki, na kiwango hicho huandikwa kwenye kitabu chake cha maelezo. Tulifunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo kwenye bomba la chumba hicho na mashine haikusimama tena. Tangu siku ile mteja ninamwambia asome kiwango hicho dukani kabla ya kulipa. Asiyetaka pampu achague mashine ya matangi mawili, ambayo hujazwa hata kwa ndoo. Inahitaji mtu awe karibu nayo, lakini haijali kimo cha tenki.

Kiasi cha maji nacho kina uzito wake katika mji ambao mitaa mingi hupata maji kwa mgawo. Mashine ya mlango wa mbele hutumia takriban lita 50 hadi 70 kwa mzunguko mmoja, na ya mlango wa juu mara nyingi hupita lita 100. Kwa familia inayofua mara nne kwa wiki, tofauti hiyo peke yake inaweza kukaribia ndoo kumi za lita 20, na kwa anayenunua maji ya boza jibu liko wazi. Maji ya suuza ya mwisho ni masafi kiasi cha kupigia deki au kumwaga chooni, kwa hiyo napenda kuweka tenki dogo la lita 100 chini ya kaunta, lenye koki, kwa masharti kwamba maji hayo yatumike siku hiyohiyo kabla hayajaanza kunuka.

Jambo la tatu ni ugumu wa maji. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora na visima vingine vya mitaani, na maji ya ardhini hubeba madini ya kalisi na magnesi. Dalili zake kila mama wa nyumba anazijua: sabuni ya mche haitoi povu upesi, nguo nyeupe zinakuwa na ukijivu, na birika linajenga ukoko mweupe. Ukoko huohuo hujijenga kwenye chuma cha kuchemshia maji ndani ya mashine, na huongezeka kadiri maji yanavyopashwa moto. Kwa nguo za kawaida tumia maji baridi au ya nyuzi 30, na mara moja kwa miezi miwili au mitatu endesha mashine tupu kwa maji ya moto yenye asidi ya limau ya unga. Asidi hiyo wala siki visichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Maji yanayotoka yanahitaji uangalifu uleule. Bomba la kupokea maji ya mashine liwe la inchi mbili, lisimame kati ya sentimita 60 na 90 kutoka sakafuni, na liwe na kizuia harufu kabla ya kufika kwenye chemba. Sakafu iteremke sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye tundu lake. Vigae vinavyong'aa ninavikataa hapa hata mteja akivipenda, kwa kuwa maji ya sabuni juu yake ni hatari kwa mtu aliyebeba ndoo. Terazo isiyosuguliwa sana au vigae vyenye mkwaruzo vinafaa zaidi.

Kuna mtu mmoja ambaye michoro yetu humsahau, naye ni yule anayefua. Katika nyumba moja ya Area D niliomba kuonana na msichana anayemsaidia mama wa nyumba kabla sijaamua kimo cha sinki. Nilimwambia, "Mdogo wangu, hebu simama hapa ukutani nikupime kiwiko." Akasimama, akatabasamu, akasema, "Kwa ajili ya sinki, dada? Mimi nimezoea kuinama." Kiwiko chake kilikuwa sentimita 98 kutoka sakafuni. Ukingo wa sinki tuliuweka sentimita 90 na sakafu ya sinki lenyewe sentimita 62, ili mikono ifike kwenye maji na mgongo ubaki wima. Kaunta ya kukunjia tuliiweka sentimita 86. Mashine zote zilizopo nchini hazijaondoa kufua kwa mkono, kwani kola, soksi za shule na nguo za mtoto mchanga bado zinapita mkononi. Sinki la saruji lililosakafiwa vizuri, lenye uso wa mifereji upande mmoja wa kusugulia, linagharimu kidogo na hudumu kuliko nyumba yenyewe.

Kuhusu uzuri, wateja hudhani chumba cha kupendeza ni cheupe kabisa. Kwa udongo wetu, nyeupe tupu huchosha. Ninapaka kuta rangi ya maziwa au ya mchanga, ninaweka vigae hadi kimo cha mita 1.2, kisha ninachagua rangi moja nzito, ya bluu ya kanga au kijani cha mwarobaini, kwa milango ya kabati pekee. Dirisha liwe juu ya kaunta ya kukunjia, kwa maana doa lililobaki huonekana kwa mwanga wa mchana. Nguo chafu zikae kwenye vikapu vya milulu vya Iringa, ambavyo hupitisha hewa na kupendeza macho kuliko ndoo za plastiki, kimoja cha nguo nyeupe na kingine cha rangi. Ubao wa pasi ufungwe ukutani kwa bawaba, na juu yake pawe na fimbo ya kutundikia mashati yaliyokwisha kunyooshwa.

Umeme nitautaja kwa ufupi. Mashine inayopasha maji hutumia karibu wati 2,000, kwa hiyo ipate waya wake wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye kikasha kikuu, iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, na kuwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Soketi isikae chini ya koki, na mashine isishiriki soketi moja na pasi.

Kwa anayejenga kwa awamu, na wengi wetu hujenga hivyo, nashauri yafanyike sasa yale tu yanayozikwa: bomba la maji la nusu inchi, bomba la inchi mbili la kutolea, mteremko wa sakafu, waya wa umeme na nafasi ya sentimita 65 iliyoachwa kando ya sinki. Midomo ya mabomba hayo izibwe kwa vifuniko vya plastiki hadi siku mashine itakapokuja, maana bomba likiachwa wazi mende hupanda kutoka kwenye chemba, na mafundi wa lipu huligeuza kuwa shimo la kutupia mabaki ya saruji.